Picha Bila Sauti: Historia Fupi ya Sinema za Sayansi Madarasani

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa na walimu wa shule za msingi siku hizi, limo moja ambalo walimu wetu sisi hawakupata kuliuliza: Je, ni wapi tutakapopata picha za video za sayansi zilizo njema kwa watoto? Swali hili halikuletwa na uhaba, bali na wingi. Mwalimu mwenye simu na kifurushi kidogo cha data aweza kuandika maneno mawili matatu juu ya mzunguko wa maji, akaletewa picha mia kabla chai yake haijapoa. Nyingine zina rangi za kupendeza, nyingine zina nyimbo, nyingine zina mtaalamu aliyevaa koti jeupe. Iliyo njema ataijuaje?

Huenda msomaji akashangaa kuliona swali hili katika jarida la walimu wa Kiswahili, akauliza: Sisi watu wa ngeli na methali tuna nini na mbu wa darasa la sayansi? Jawabu letu ni kwamba picha ya sayansi haijapata kuingia darasani peke yake. Daima imeingia imefuatana na sauti ya kuieleza, na sauti hiyo ina lugha yake, na lugha hiyo ina mwenyewe. Katika insha hii twakusudia kuifuata safari ya picha hizo tangu mwaka 1903 hadi leo, kwani twaamini kwamba kipimo cha picha njema kimo ndani ya historia yake, wala hakimo katika orodha ya majina ambayo itachakaa kabla jarida hili halijawafikia wasomaji wote.

Jicho jipya

Mwezi wa Agosti 1903, katika ukumbi wa Alhambra mjini London, watu waliokuja kuburudika walionyeshwa jambo ambalo hawakulitarajia. Mfanyabiashara Charles Urban, mzaliwa wa Marekani, alikuwa amemwajiri mtaalamu wa viumbe Francis Martin Duncan apige picha za sinema kwa kupitia hadubini. Miongoni mwa picha hizo zilikuwamo za utitiri wa jibini: vijidudu visivyoonekana kwa macho, sasa vikatambaa kwenye pazia kubwa kama kaa wa pwani. Mnamo 1909 daktari Mfaransa Jean Comandon, akisaidiwa na kampuni ya Pathé, naye aliweza kupiga sinema za vijidudu vya maradhi vikiogelea ndani ya damu. Mwaka uliofuata, 1910, Mwingereza Percy Smith, aliyekuwa karani wa Bodi ya Elimu, alionyesha maua yakichanua mbele ya watazamaji kwa muda wa sekunde chache tu.

Tukiyapima mambo hayo tutaona kwamba sinema iliipa sayansi uwezo wa namna mbili. Wa kwanza ni kukikuza kilicho kidogo, na wa pili ni kuufupisha muda ulio mrefu. Uwezo huu wa pili si uchawi, ni hesabu. Filamu huonyeshwa kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Mtu akiipiga mbegu ya haragwe picha 1 kila baada ya dakika 10, kwa siku moja atapata picha 144, nazo zitaonyeshwa kwa sekunde 6. Siku 7 za uvumilivu wa mbegu, wa udongo na wa maji, zitakuwa sekunde 42 za kutazama.

Lakini kila uwezo una gharama yake. Anayekuza huficha kimo cha kweli, na anayefupisha huficha muda wa kweli. Katika darasa letu moja mtoto aliyetazama mbegu ikiota kwa nusu dakika alituuliza ni mbolea gani iliyotiwa katika mbegu ile, maana za nyumbani kwao huchukua wiki nzima. Mtoto yule hakukosa akili. Alifikiri sawasawa kutokana na alichoonyeshwa. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia jinsi picha ilivyotengenezwa.

Baada ya muda si mrefu matumaini yalivuka mipaka. Mwaka 1913 Thomas Edison, mmoja wa waasisi wa sinema huko Marekani, alibashiri gazetini kwamba vitabu vitakoma kutumika mashuleni na kwamba mfumo wote wa shule utabadilika kabisa kwa muda wa miaka 10. Miaka 10 ikapita, ikapita na mingine mingi, na vitabu bado vipo. Wengine waliingia kazini kwa unyenyekevu zaidi. Huko Uingereza, kati ya 1922 na 1933, zilitolewa filamu fupi fupi juu ya siri za viumbe, na mmoja wa waliozishughulikia alikuwa Mary Field, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa historia. Si ajabu kwamba filamu hizo ziliwafaa watoto, kwani aliyekwisha kusimama mbele ya darasa ajua ni wakati gani wanafunzi wameacha kusikiliza.

Lori la Vugiri

Katika nchi zetu, swali la sinema na elimu lilianza kwa mashaka. Mwaka 1929 mtaalamu wa viumbe Julian Huxley, ambaye baadaye, mnamo 1946, alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO, alitumwa na serikali ya Uingereza kuja Afrika ya Mashariki. Alichukua filamu chache azionyeshe kwa wanafunzi na kwa watu wazima, apate kujua kama wangezifahamu. Akaona kwamba walizifahamu vyema, akapendekeza sinema itumike katika elimu. Leo twaweza kutabasamu tukiona kwamba jambo hilo lilihitaji msafara wa kulithibitisha, lakini tusiharakishe kucheka, kwani mashaka hayo hayakuisha hapo.

Kati ya 1935 na 1937 ulifanywa mradi mkubwa zaidi. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, na fedha zake nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani. Wakuu wake walikuwa wawili: L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya katani, na G. C. Latham, mtu wa elimu. Walitengeneza filamu 35: juu ya safura, juu ya mmomonyoko wa udongo, juu ya kahawa iliyopandwa kivulini mwa migomba, juu ya kodi na akiba ya posta. Kisha lori likazichukua, likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kwetu sisi walimu wa lugha, jambo linalofaa kuangaliwa sana katika mradi huo ni namna sauti ilivyowekwa. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, mbali na picha, ili filamu ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha hii hapa na kwa lugha nyingine kule. Kwa njia hiyo Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kwanza za Afrika kuieleza picha ya sinema. Baada ya 1939, Uingereza ilipounda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, magari ya sinema yalifuatana na wakalimani. Mkalimani alisimama kando ya pazia na kipaza sauti mkononi, akaifuata picha kwa maneno yake. Majina ya wakalimani hao hayakuandikwa kwa wino mzito kama ya waliotengeneza filamu. Hata hivyo, mbele ya umati wa kijiji, wao ndio waliokuwa walimu.

Mbu na kuku

Kutoka katika miaka hiyo kumebaki visa viwili ambavyo vimesimuliwa sana hata vikawa kama hekaya. Cha kwanza ni cha wanakijiji walioonyeshwa filamu ya malaria, mbu akiwa amekuzwa hadi akajaza pazia. Mwishoni wakasema, kwa furaha, kwamba bahati nzuri kijijini kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Cha pili kilielezwa na John Wilson mwaka 1961, kisha mwandishi wa Kanada Marshall McLuhan akakitia katika kitabu chake cha 1962. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya dakika kama 5 kuwafundisha watu kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa waliona nini, watazamaji wakajibu: tuliona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba humo mlikuwa na kuku. Wakaikagua picha moja baada ya nyingine, wakamkuta: alipita kwenye pembe ya chini kwa sekunde moja hivi.

Wanahistoria waliochunguza habari za sinema katika Afrika wametuonya kwamba visa kama hivi vilirudiwarudiwa kwa sababu viliwapendeza waliovisimulia, maana vilithibitisha walichokwisha kukiamini. William Sellers, aliyeanza na filamu za afya huko Nigeria kisha akakiongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni, alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, zisiwe na hila za kamera, wala zisiruke kutoka mahali hadi mahali. Lawama yote ikawekwa kwenye jicho la mtazamaji.

Sisi twavisoma visa hivi kwa namna nyingine. Tuchukue kwamba ni vya kweli. Wale wa mbu walikisema kile kile alichokisema mtoto wetu wa mbegu: waliifikiri sawasawa picha iliyofika bila kipimo. Kama mbu ana urefu wa milimita 6, na kwenye pazia ana mita 3, basi amekuzwa mara 500. Ni nani aliyewaambia? Wale wa kuku nao waliona kiumbe hai, wanayemfahamu, akikurupuka katika picha ya mambo yaliyokwenda taratibu. Mtoto wa Ulaya au wa Asia angemwona kuku yule vile vile, na kwa hakika watoto wote wa dunia humwona kuku. Ndiyo maana mwalimu husema kabla ya picha: Leo tazameni maji. Mtazamaji asiyeambiwa atazame nini hutazama kinachotikisika. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini hawakusema kwamba macho hayahitaji mwelekezi.

Mwalimu kuwekwa kando

Baada ya uhuru ikaja televisheni, na ule ubashiri wa Edison ukafufuka. Mfano ulio mkubwa ni wa Côte d'Ivoire. Kuanzia 1971 nchi hiyo ilifundisha shule za msingi kwa televisheni, vipindi vikitengenezwa mjini Bouaké kwa misaada ya nje, na hata katika vijiji visivyo na umeme ziliwekwa televisheni za betri. Vipindi vilitengenezwa mbali, kwa Kifaransa, na mwalimu wa kijijini akawa mtu wa kuufuata mwendo uliopangwa na wengine. Gharama zilipanda, wazazi na walimu wakanung'unika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango ule ukaachwa.

Katika miaka hiyo hiyo Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa, kwani yake ilianza 1994. Lakini mwaka 1973 ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vijitabu. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza kipindi kwa Kiswahili, wakasoma pamoja, wakajadiliana, kisha wakaondoka wakachimbe vyoo na kufukia madimbwi. Hapakuwa na picha hata moja yenye kwenda. Kilichokuwapo ni sauti katika lugha yao, kiongozi wa kikundi, na jembe. Tukizilinganisha nchi hizi mbili hatusemi kwamba redio yaishinda televisheni. Twasema kwamba kipindi hufaa pale kinapomwachia mtu wa mahali pale nafasi ya kusema, na mikono ya watu nafasi ya kutenda.

Fundisho hilo hilo lilikuwa limeanza kutolewa na walimu wa sayansi wenyewe. Tangu 1965, Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika uliwakusanya walimu wa nchi kadhaa zitumiazo Kiingereza, zikiwamo za Afrika ya Mashariki, waandike masomo yaanzayo na vitu vya mkononi: betri, mbu, maji, udongo. Kijitabu kimoja kilimhusu yule mdudu mdogo achimbaye kishimo cha mchanga kama faneli, akajificha chini kuwavizia sisimizi. Jos Elstgeest, aliyefundisha katika Chuo cha Ualimu Morogoro, alishughulika sana na somo hilo. Wazo lake lilikuwa rahisi, nalo ni gumu kulitimiza: mtoto akiuliza kama mdudu yule aweza kupanda kutoka shimoni, mwalimu asijibu, amwambie akamwulize mdudu mwenyewe. Swali zuri ni lile ambalo jibu lake hupatikana kwa kutenda na kutazama. Kipimo hiki chafaa kwa picha pia. Picha iliyokwisha kujibu kila kitu imemfungia mtoto mlango.

Picha zilizo wazi mno

Tusidhani kwamba matatizo haya ni ya Afrika peke yake. Mwaka 1987, huko Marekani, ilitengenezwa filamu ambayo waulizaji walikwenda kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, wakauliza kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi. Kati ya watu 23 walioulizwa, 21 walikosea. Wengi walidhani kwamba dunia hulikaribia jua wakati wa joto. Kumbe dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Marekani ina baridi kali. Majira huletwa na kuinama kwa mhimili wa dunia. Hawa walikuwa wasomi, na walikwisha kuona michoro mingi. Huenda michoro yenyewe iliwapoteza, ile ionyeshayo njia ya dunia ikiwa imerefuka kama yai, hali ya kuwa kwa kweli inakaribia kuwa duara.

Mwaka 2008 Derek Muller alimaliza utafiti wake wa video za fizikia katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Wanafunzi walioonyeshwa maelezo yaliyonyooka walisema kwamba yalikuwa wazi na rahisi, lakini walipopimwa hawakuwa wamejifunza mengi. Wengine walionyeshwa mazungumzo ambamo mmoja alisema yale makosa yaliyozoeleka, kisha yakajadiliwa. Hao waliona kwamba somo lilikuwa gumu, lakini ndio waliojifunza zaidi. Sababu yake yaeleweka: picha nyoofu hupita juu ya imani ya zamani bila kuigusa, na mwanafunzi hudhani kwamba ameambiwa kile kile alichokuwa akikijua. Ni onyo kubwa kwetu sisi tuzoeao kuisifu picha kwa sababu darasa lilitulia.

Zimo pia filamu zilizoushinda mtego wa mbu wa pazia. Mwaka 1977 Charles na Ray Eames walitoa filamu ya dakika kama 9 inayoanza na watu wawili kwenye bustani mjini Chicago, katika mraba wa mita 1. Kila baada ya sekunde 10 tunasogea mbali mara 10 zaidi, hadi nyota zote ziwe kama vumbi. Kisha tunarudi, tunaingia ndani ya ngozi ya mkono, hadi katika kiini cha atomu. Kipimo kimeandikwa pale pale pembeni kwa tarakimu, na mtazamaji hapotei hata mara moja. Nao wenzetu wa Kongo na Burundi wafundishao kwa Kifaransa wanaujua mfululizo wa katuni wa Albert Barillé wa mwaka 1987 juu ya mwili wa binadamu, ambamo seli za damu ni watu wadogo wanaobeba mizigo ya hewa. Ni hadithi nzuri, na hadithi hukaa moyoni. Lakini mwalimu hana budi kuuliza baadaye: Je, seli ina macho? Je, ina nia? Mtoto ajue wapi hadithi imekwisha na wapi sayansi imeanza.

Kiswahili cha picha

Mwaka 2005 mtandao wa YouTube ulifunguliwa, na tangu hapo picha zimemiminika. Nyingi sana ni za Kiingereza. Ndiyo maana twauhesabu mwezi wa Januari 2014 kuwa wa heshima, ambapo kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichotungwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, kilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa ya Tanzania. Hesabu na sayansi ziliwekwa katika visa na nyimbo za watoto wa huku, na baadaye kipindi kikatiwa lugha nyingine, Kinyarwanda kikiwamo. Ule mwendo wa santuri za Vugiri ukageuzwa: safari hii maneno ya kwanza yalikuwa yetu.

Hata hivyo, Kiswahili kuwapo hakutoshi. Chataka kuwa sahihi. Tanzania, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi baada ya Azimio la mwaka 1967, imejenga msamiati kwa miaka mingi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Sisi wa nchi jirani, ambao wanafunzi wetu husoma sayansi kwa Kiingereza, kwa Kifaransa au kwa lugha za nyumbani, aghalabu hatuyajui maneno hayo. Twasema “nguvu” kwa kila kitu. Lakini kisukumacho mpira ni kani, kinachohifadhiwa ndani ya kuni ni nishati, na upesi wa kuitumia nishati hiyo ndio uitwao nguvu. Twasema “joto” tukikusudia kinachopimwa na kipimajoto, kumbe hicho ni halijoto. Twachanganya uzito na tungamo, ilhali mtu akifika mwezini uzito wake hupungua na tungamo lake hubaki vile vile.

Mfano bora kuliko yote ni wa birika. Karibu kila video ya mzunguko wa maji huonyesha kitu cheupe kikipanda kutoka kwenye maji yanayochemka, na sauti husema: huu ni mvuke. Watoto wetu husema: ni moshi. Wote wawili wamekosea. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho. Kile cheupe ni vitone vidogo vya maji, baada ya mvuke kupoa. Ni ndugu wa ukungu wa asubuhi. Mvuke wenyewe uko katika ile nafasi ndogo iliyo tupu kati ya mdomo wa birika na weupe. Hapo kamera haiwezi kutusaidia, kwani kisichoonekana hakipigiki picha. Neno ndilo liwezalo kukionyesha. Mwalimu wa lugha anayejua kutenga moshi, mvuke na ukungu amefundisha sayansi, hata kama ratiba yasema ni kipindi cha Kiswahili.

Kipimo na kazi

Basi tuyakusanye tuliyoyaokota njiani. Picha njema ya sayansi kwa shule ya msingi ni ile ionyeshayo kile ambacho jicho na mkono wa mtoto haviwezi kukifikia: kilicho kidogo mno, kikubwa mno, cha polepole mno, cha haraka mno, au cha hatari. Kuku wa kutazamwa uani haina haja ya kumtafuta simuni. Pili, picha njema haifichi kipimo. Husema imekuza mara ngapi na imefupisha siku ngapi, na isiposema, mwalimu huitafuta hesabu hiyo pamoja na wanafunzi. Tatu, huligusa kosa lililomo vichwani badala ya kupita juu yake. Nne, ni fupi, nayo huacha swali ambalo mtoto aweza kuondoka nalo akalijaribu. Mpangilio wa somo nao una uzito wake: kwanza kitu chenyewe, kisha picha, kisha kurudi kwenye kitu. Maharage yapandwe Jumatatu katika chupa iliyokatwa, na video ya kuota itazamwe Ijumaa, wakati kila mtoto ana shina lake la kulinganisha.

Kwa walimu wa Kiswahili tunaongeza pendekezo moja, nalo latoka moja kwa moja katika historia tuliyoieleza. Chagueni picha njema ya lugha yoyote, ya dakika 2 au 3, kisha zimeni sauti. Wanafunzi waitazame mara ya kwanza kimya. Mara ya pili waandike, wawili wawili, maneno ya kuieleza kwa Kiswahili. Mara ya tatu mmoja asimame kando ya picha, kama mkalimani wa gari la sinema, aieleze mbele ya wenzake. Wataona mara moja kwamba hawana neno la hiki na kile, na hapo ndipo kamusi itakapofunguliwa kwa hamu. Wataona pia kwamba “inakua” na “inakuzwa” si neno moja: mbegu inakua, mbu wa pazia amekuzwa. Somo la kauli za vitenzi tulilohangaika nalo kwa miaka litakuwa na kazi ya kufanya.

Shule isiyo na umeme wala simu isijione imeachwa. Watoto wachore mche wa haragwe kila siku kwa siku 7, kila mchoro kwenye kipande cha karatasi cha kimo kile kile, wavibane pamoja ukingoni, wavipeperushe kwa kidole gumba. Mche utainuka. Hiyo ni sinema ya Percy Smith, imetengenezwa na mikono yao. Hakuna atakayeuliza mbolea ilikuwa gani, kwa kuwa kila mmoja alizihesabu siku zake.

Kiswahili kimepata heshima nyingi za kiserikali katika miaka ya karibuni: Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na mnamo 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Heshima hizo twazipokea kwa shukrani. Lakini lugha haitakuwa ya sayansi kwa kutangazwa. Itakuwa ya sayansi siku ambayo mtoto wa darasa la tano, huko Mbarara, Goma au Gitega, atakapoitazama picha isiyo na sauti, akafungua kinywa na kueleza anachokiona, bila kubabaika na bila kuazima. Kumfikisha hapo ni kazi yetu sisi, wala tusingoje video yoyote ije kutufanyia.